Kinamasi cha Oddleif

Namsskogan, 26 Aprili 1998

Jorunn,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna msiba. Ningekupigia simu, lakini unanijua: nikishika simu nageuka gogo. Nasema habari za mawingu, nasema haya basi, nakata. Marehemu mke wangu Aslaug alikuwa akininyang'anya mkononi kwa aibu.

Theluji nyuma ya ghala imelegea, na jana nimeichimbua karavani. Ndiyo, ile ile, kijumba chetu cha magurudumu ambacho wewe na marehemu mumeo Peder mlikiita Yai. Haijasogea tangu Aslaug afariki. Nilipofungua mlango harufu ya kuvu ilinipiga usoni, nikarudi nyuma, nikakaa juu ya ndoo kupumua kwanza. Chini ya dirisha la mbele mbao zimeoza kiasi kwamba nilichomeka bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Panya wamezaliana kwenye kabati la vikombe. Mapazia yamebaki nyuzi.

Lakini bati la nje ni zima, chesisi haina kutu ya kutisha, na jiko la gesi liliwaka kwa kiberiti cha kwanza! Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Basi nimeamua, naifufua. Agosti nataka kuivuta tena mpaka pale pale ziwani tulipokuwa tukiegesha karavani zetu ubavu kwa ubavu. Nivue samaki, nichume multe, yale matunda ya manjano ya kinamasini, nisikie mvua ikipiga juu ya bati. Nimechoka kukaa sebuleni nikitazama ukuta.

Sasa shida yangu. Nahitaji mapazia, na mito ya mabenchi, ile ambayo meza ikishushwa inageuka kitanda. Mshonaji ninayemjua ni wewe. Na nilikuwa nafikiri, kama huna shughuli nyingine Agosti, nafasi ipo. Karavani ni ya watu wawili.

Kama haiwezekani, sema tu.

Oddleif

&nbsp;

Dønna, 5 Mei 1998

Oddleif, wewe!

"Kama huna shughuli nyingine, nafasi ipo." Jamani! Ndivyo wanaume wa bonde lenu wanavyomwalika mwanamke? Hata gunia la viazi lingealikwa kwa heshima zaidi. Nimesoma barua yako jikoni, dada yangu Magnhild akauliza mbona nacheka peke yangu, nikamwambia nimeletewa kazi ya kushona.

Nitakuja. Nakwambia mapema usije ukaendelea kunyata. Tangu Peder afariki sijalala nje hata mara moja. Nina hamu ya kahawa ya kuchemshia kwenye moto, ile yenye majivu ndani, na hata mbu nimewakumbuka, wale mbwa.

Multe, umesema? Haya, tutaona utanipitisha njia gani. Peder wangu alikusaka miaka nenda rudi akitaka kujua unachumia wapi. Unakumbuka ile asubuhi alipojificha nyuma ya choo cha kambi na darubini shingoni? Ukamzungusha mlima mzima. Alirudi jioni buti zimejaa maji, ndoo tupu, akakukuta mlangoni unakunywa kahawa na ndoo yako imefurika manjano. Hakukusamehe, lakini tangu siku hiyo alikuheshimu. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Kinamasi chake alinitajia akiwa kitandani hospitalini, sauti imeshakatika, na bado alimtoa muuguzi nje kwanza. Huku kisiwani siri ya multe humtoka mtu pamoja na roho.

Sasa vipimo. Niandikie urefu na upana wa mabenchi, na sponji iwe na unene gani. Halafu kuna swali la kiufundi, la kiufundi tu, usije ukanielewa vibaya: nikate sponji vipande viwili vyembamba, kila mtu alale upande wake, au nishone godoro moja pana? Mkasi wangu unasubiri.

Jorunn

&nbsp;

Namsskogan, 18 Mei 1998

Jorunn,

Jana ilikuwa sikukuu ya bendera. Nimeandamana, nimekula aiskrimu kwa ajili ya taifa, kisha nikarudi kwenye karavani na suti yangu mwilini. Sasa suti ina gundi.

Mbao zilizooza nimezitoa zote. Ukianza kukata huwezi kusimama. Unafuata uozo kama unavyofuata unyayo wa mnyama, mpaka siku moja unagundua umebaki na dirisha linaloning'inia hewani. Nimeweka fremu mpya ya msonobari nilioupasua mwenyewe. Niseme ukweli, vipande kadhaa nimevikata vifupi. Mimi, seremala wa maisha yote! Taa ya ghalani ni mbovu.

Nimepaka rangi pia ule mstari wa kijani unaozunguka ubavuni. Ragna, mke wa jirani yangu Hallstein, amekuja kuchungulia, akaniambia umepinda. Nikamwambia barabara nazo zimepinda, nani analalamika? Akauliza, "Oddleif, nyumba hii unamtengenezea nani?" Nikasema panya. Hakuamini. Mwanamke yule ana pua ndefu lakini anatengeneza keki nzuri, kwa hiyo namvumilia.

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii.

Kuhusu swali lako la kiufundi. Sponji ni sponji. Shona utakavyoona inafaa kwa mgongo.

Oddleif

&nbsp;

Dønna, 14 Juni 1998

Oddleif mwoga,

Kifurushi kinakuja na basi. Mapazia ni ya kitambaa cha pamba, rangi ya maziwa, na maua madogo ya buluu. Magnhild anasema ni ya kisichana. Nimemwambia nashonea yai, siyo ofisi ya kodi.

Vipimo vyako, baba wee! Uliviandika kimoja juu ya kingine, na mistari ya barua inapanda mlima na kushuka. Ulikuwa umekunywa? Ndiyo maana nilikupigia simu. Ukanisomea urefu, ukanisomea upana, ukasema kuna mawingu upande wa kaskazini, ukakata. Nilibaki na simu mkononi nacheka mpaka machozi.

Nimeshona godoro moja. Pana.

Nilikaa na mkasi jioni nzima kisha nikaurudisha kwenye kikapu. Nina miaka sitini na tano, Oddleif. Sina nguvu za kuzunguka mlima kama Peder na ndoo yake tupu. Mgongo wangu unapenda godoro pana, na mimi mwenyewe napenda, na huo ndio ukweli wote. Ukiona si sawa, kisu unacho. Likate katikati, ulifunike na blanketi, na mimi nikifika sitauliza kitu.

Hapa hali ya hewa ni nzuri na samaki wanapanda. Jioni nasimama gatini na fimbo yangu ya kuvulia, na kila ninapovuta nafikiria nitakavyokushinda ziwani.

Jorunn

&nbsp;

Namsskogan, 9 Julai 1998

Jorunn,

Godoro limeenea vizuri kabisa. Sikuligusa kwa kisu. Nimelilalia usiku mmoja nikajaribu, na mapazia nimeyafunga. Asubuhi jua lilipita kwenye yale maua ya buluu na nikabaki nimelala muda mrefu kuliko kawaida yangu.

Juzi nimerudi kutoka hospitali ya Namsos. Safari ya Agosti haitakuwepo. Naomba usiniulize kwa sasa. Karavani iko tayari, ambaye hayuko tayari ni mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna ramani. Ni kinamasi changu cha multe. Unaacha barabara ya msituni kwenye daraja lililovunjika, unafuata kijito upande ambao watu hawaufuati kwa sababu wanadhani ni maji matupu, na ukiona jiwe kubwa lililopasuka unageuka kushoto. Hapo utaona mwenyewe. Mtu pekee niliyewahi kumwonyesha ni Aslaug.

Ni chako sasa. Usimwambie mtu, hata Magnhild.

Asante kwa kushona.

Oddleif

&nbsp;

Dønna, 13 Julai 1998

Oddleif,

Una nini? Una nini wewe?

Nimepiga simu tangu asubuhi, inalia tu. Naandika kwa penseli hapa hapa posta, nimeegemea kaunta, watu wananitazama na wanitazame.

Hospitali, safari imefutwa, halafu unaniletea ramani ya multe! Unadhani mimi ni mtoto? Mimi ni binti wa kisiwani, najua maana ya mtu kutoa kinamasi chake. Mama aliponipa chake, hakumaliza hata wiki. Nimefungua bahasha yako, nimeona ule mstari wa kijito, nikakaa chini barazani. Magnhild alidhani nimeanguka.

Siitaki. Nakurudishia, imo humu. Nilitaka kukuandikia kwamba sijaitazama, lakini ni uongo, nimeitazama na nimeililia mpaka daraja limefutika. Ichukue. Mtu ambaye bado ana kinamasi chake mfukoni hana ruhusa ya kufa. Nimeamua hivyo mimi, na Mungu akitaka kubishana aje tubishane.

Nakupenda, mzee mjinga wee! Nakupenda tangu mazishi ya Peder, uliposimama jikoni kwangu ukaosha vikombe vyote bila kuambiwa, kisha ukavipanga kwenye kabati ambalo si la vikombe. Mpaka leo sijavihamisha. Kila asubuhi nafungua kabati hilo kutafuta sufuria nakutana na vikombe, na kila asubuhi nafurahi.

Kama ni saratani, sema. Kama ni moyo, sema. Nije nikae na wewe, iwe mwaka au iwe siku chache, yote nayataka. Usinipe ardhi yenye maji wakati mimi nakutaka wewe.

Nisiposikia neno mpaka Ijumaa, napanda feri.

Jorunn

&nbsp;

Namsskogan, 18 Julai 1998

Jorunn,

Naandika kwa kalamu nene ya kuwekea alama mbao, maneno machache kila karatasi. Ndiyo maana bahasha imevimba.

Najua Ragna ameshakupigia simu kukuambia kwamba siko kufani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alinipa simu nikatikisa kichwa.

Sifi. Ni macho. Katikati ya kila ninachokitazama kumeingia doa la kijivu, na linakua. Pembeni naona vizuri. Nilijua tangu majira ya baridi, nikasingizia taa. Daktari wa Namsos alisema halitaondoka, na akanikataza kuendesha gari. Basi, vile vipande vya mbao vilikuwa vifupi kwa sababu hiyo. Na mstari wa kijani umepinda kweli, Ragna hakusema uongo.

Barua yako ya penseli sikuweza kuisoma. Niliipeleka dirishani, nikachukua lensi, nikaona mikwaruzo tu. Ikabidi niende kwa Ragna. Alikuwa anaoka keki nyembamba kwenye kikaango cha chuma, Hallstein yuko mezani anasubiri. Akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kwenye "mzee mjinga" akajifunika uso na aproni. Hallstein akasema anatoka kutazama ng'ombe. Hana ng'ombe, aliwauza zamani. Keki zikaungua. Kwa hiyo ujue bonde zima lina habari zetu, na hivi sasa dukani watu wananipisha kwenye foleni kama bwana harusi.

Sasa ramani. Jorunn, umeisoma kwa lugha ya kisiwani kwenu, na mimi niliichora kwa lugha ya bondeni. Ninyi mnatoa kinamasi mkifa. Huku kwetu mtu hukitoa mara mbili: akifa, na akioa. Baba alimpeleka mama wiki ya harusi yao. Mimi nilimpeleka Aslaug maua ya harusi bado yako kwenye chupa. Wewe uliniletea godoro moja pana. Nikakaa juu yake nikawaza, mwanamke huyu ameshasema lake wazi, na mimi niseme langu. Maneno sina, unanijua. Nilikuwa na kinamasi.

Basi nikachora. Kisha nikaenda Namsos, na waliyoniambia nimeshakueleza. Nikaona sina haki ya kumwita mtu aje aishi na mzee ambaye kesho atahitaji kushikwa mkono kwenda kisimani. Nikaandika kwamba safari imekufa. Lakini ramani nilishindwa kuichana, nikaitia kwenye bahasha hiyo hiyo. Nilikuwa nakufukuza na kukuposa kwa stempu moja. Nisamehe.

Jambo jingine ulijue. Mtu nikimtazama usoni anafutika. Nikitazama kando kidogo, kwenye sikio lake au kwenye mlango ulio nyuma yake, anarudi mzima. Itabidi uzoee mume anayetazama mlango.

Nimeandika mume. Haya, limeshaandikwa.

Nakutaka, Jorunn. Naogopa sana kukutaka, lakini nakutaka. Utakubali kuwa wangu, hivi nilivyo? Fikiri vizuri. Huruma siitaki, huruma napewa na Hallstein bure. Ukisema hapana, tutabaki marafiki na nitanyamaza.

Nijibu kwa herufi kubwa kabisa. Hili nataka nilisome mwenyewe, Ragna asinitangulie.

Oddleif

&nbsp;

Dønna, 24 Julai 1998

*(Karatasi ya kwanza, rangi nyeusi ya mlango, kwa brashi)*

NDIYO

*(Karatasi ya pili, kwa kalamu ya kawaida)*

Ragna mpendwa, hii msomee wewe, lakini amalize kwanza ile nyingine. Hata akichukua siku nzima.

Oddleif, safari ipo. Dereva ni mimi. Wiki hii nzima nimekuwa nikijifunza kurudi nyuma na trela ya mashua ya jirani. Ukizungusha usukani kulia trela inakwenda kushoto, nani alibuni ushenzi huu? Nimeangusha sanduku la barua la mchungaji. Amesema ananiombea, sikuelewa kama ni mimi au ni watu wengine barabarani. Lakini jana niliingiza trela kati ya ghala na mti bila kugusa kitu, na Magnhild akapiga makofi akiwa dirishani.

Kuhusu kushikwa mkono. Unasema kama vile ni adhabu. Mimi mkono wangu haujashikwa muda mrefu sana, na wala sina ugonjwa wa macho wa kusingizia. Utanishika kwenda kisimani, na nitakushika kwenda kinamasini, maana daraja la kwenye ramani nimelifuta na machozi na sasa hakuna anayejua njia isipokuwa miguu yako. Multe usizoziona utaniachia mimi, na ukisikia nakula badala ya kutia kwenye ndoo, unyamaze.

Tazama mlango upendavyo. Mimi nitakuwa nakutazama wewe, inatosha kwa wawili.

Nafika Jumamosi, tarehe mosi, na feri ya asubuhi.

Jorunn wako

&nbsp;

Namsskogan, Jumatano 29 Julai 1998

Mpendwa Jorunn,

Mimi ni Ragna. Hatujawahi kuonana, lakini baada ya ile barua ya penseli naona nakufahamu kuliko ndugu zangu. Oddleif ameniomba niandike, kwa sababu leo hawezi kutulia mezani.

Bahasha imefika saa ya chakula. Aliipasua pale pale kwenye ngazi ya karavani, karatasi ya pili akanipa bila kuitazama, akaniamuru nisimame mbali, nitazame barabara. Nikasimama. Lakini nina macho pembeni na mimi.

Aliishika mbele, akaishika juu, akageuza shingo huku na huku kama kuku anayechunguza punje. Akatoka juani. Akarudi kivulini. Nilitamani nimpokonye nimsomee, roho iliniuma, Jorunn, lakini nilijizuia. Muda ukapita. Mwishowe akaniita, karatasi ameikumbatia kifuani nisiione, akaniuliza, "Ragna, 'ndiyo' inaandikwa na N mwanzoni?"

Nikamwambia, "Bwana wee, tangu dunia iumbwe."

"Na O mwishoni?"

"Na O mwishoni."

Akakaa kwenye ngazi. Nikasogea nikakaa naye, tukawa tunatazama uwanja tu, na mimi nilikuwa wa kwanza kutafuta leso. Baadaye nikamsomea karatasi ya pili. Aliposikia habari za sanduku la mchungaji alicheka mpaka akashika mbavu. Aliposikia ile sehemu ya mkono akaniomba nirudie, nikarudia, akaomba tena.

Nimeagizwa nikuandikie kwamba amelisoma mwenyewe, lote, bila msaada. Usimwambie kwamba nimekueleza mengine.

Sasa nimalizie, maana Hallstein anapeleka barua hii kituoni ikuwahi kabla ya feri. Endesha polepole, lakini usichelewe sana njiani. Oddleif amenyoa, amevaa suti ile yenye gundi, na amekwenda kusimama kule barabara kuu inapoingia. Nimemwambia leo ni Jumatano. Amesema anajua.

Ragna